Mkono wa Kwanza

Dada yangu Ardelia alirudi Georgia mwaka wa 1938, mapafu yamekwisha, akiwa na haja moja tu: azikwe kando ya mama, nyuma ya kanisa letu. Pale huzikwa washirika peke yao, na yeye tulimfuta kwenye daftari la washirika siku alipokwenda New York kuimba jukwaani. Huko alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuigiza katika ukumbi ule bila kupakwa masizi usoni ili achekeshe watu. Wazungu walisimama kumpigia makofi. Sisi tulisoma habari zake gazetini, tukalikunja.

Kurudishwa kundini kwetu si kazi ngumu. Unasimama mbele ya watu, unatubu, kisha ndugu wa damu anainua mkono kwanza, wengine wanafuata. Asipoinua yeye, hainui mtu. Ndugu aliyebaki nilikuwa mimi.

Jumapili ile alisimama amevaa gauni langu la kijivu, maana magauni yake, Shemasi Tibbs alisema, yananuka ukumbi. Alitubu yote aliyotajiwa, hata asiyoyafanya. Shemasi akamtaka aimbe wimbo aliokuwa akiupenda mama. Ubeti wa kwanza ukamkatikia kifuani, akakohoa kwenye kitambaa mpaka wanakwaya wakaanza kucheka chinichini.

Mama Beulah, aliyetufundisha sote kuimba, hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "asali umewamalizia wazungu. Sisi unatuletea sega tupu."

"Amina," mtu akaitikia nyuma.

Shemasi akanigeukia. "Dada Ocie, tunakungoja wewe."

Nilikuwa mlangoni na glavu zangu nyeupe za kupokelea watu. Nikakumbuka miaka tisa ya kumgeuza mama kitandani, na kila asubuhi mama akifumbua macho na kuniita Ardelia. Mkono nikauacha chini; nilitaka na yeye aonje, kidogo tu. Nilidhani shemasi ataniuliza mara ya pili.

Hakuuliza. Alifunga daftari, akatangaza wimbo wa kumalizia ibada.

Njiani kurudi nyumbani Ardelia alinishika mkono, maana hakuweza kutembea peke yake.

"Glavu zilikuwa zinakubana, Ocie?"

Nikamwambia ndiyo.

Alikufa Alhamisi. Amelala ng'ambo ya reli, kwenye makaburi ya kaunti, penye kigingi chenye namba 61. Kando ya mama nafasi ni moja, nayo wameniandikia mimi.