Amri ya Daktari Asiye na Habari

Miezi saba tangu apandikizwe figo ya mkewe, Harerimana alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni, pale Mbugangari, mtaa wa karibu na mpaka wa Goma. "Ni amri ya daktari," alimwambia mkewe, Mukandutiye. Daktari mwenyewe hakuwa na habari.

Ukweli ni kwamba mwili wake wa chini ulikuwa umegoma, naye aliogopa kuubembeleza. Mshono ukifumuka? Na mke aliyekubali kupasuliwa kwa ajili yake, atasemaje akijua amebaki na mume wa jina tu?

Kisha Mukandutiye akasema, "Kesho mi nakusindikiza hospitali. Nitamuuliza daktari hii amri inaisha lini."

Jasho lilimtoka Harerimana hadi masikioni. Alikimbilia kwa rafiki yake Janvier, anayevuka mpaka kila siku kuuza vitunguu Goma. Jioni Janvier akamletea unga mweusi wa mizizi kwenye karatasi.

"Bon, muzee, kijiko moja kwa chai. Kitanda italia!"

"Na figo?"

"Figo iko nyuma. Hii kazi iko mbele."

Bingwa huyo hakujua kwamba figo mpya huwekwa mbele, chini ya tumbo, jirani kabisa na kazi yenyewe.

Harerimana alikoroga. Hospitalini walikuwa wamemwonya: dawa za mizizi zinaweza kugombana na vidonge vyako, figo ikafa. Akafumba macho, akapiga funda moja.

"Papa Larissa, unakunywa nini?" Mukandutiye alikuwa mlangoni.

"Chai."

"Chai gani inanuka hivi?"

Kikombe kikamponyoka. "Dawa ya Goma. Daktari hakukataza kitu, Mama Larissa. Ni mi nimeshindwa. Niliogopa utasema figo yako umeitupa."

"Yewe! Nilikupa figo ukae na mi, we ukaenda kukaa na kochi?"

Akaufunga unga uliobaki karatasini, waende nao hospitali.

Kesho yake daktari hakushangazwa na habari za kitandani. Wengi huja na hilo, alisema. Sababu hutafutwa, tiba ipo, na mshono ulishapona zamani. Karatasi ya unga ndiyo iliyomkunjisha uso. Akaagiza damu ipimwe haraka.

Walisubiri kwenye benchi, mkono wa Mukandutiye juu ya tumbo la mumewe, kama anayezuia kitu kisitoroke.

Majibu yakaja: figo bado inafanya kazi, warudi baada ya siku tatu kupimwa tena.

"Donc, basi, leo unalala kitandani," Mukandutiye alinong'ona. "Hata kulala tu."

Harerimana akaitikia kwa kichwa. Maabara, kumbe, ilikuwa afadhali kuliko kitanda.