Mngurumo Chini ya Wimbo

Fundi hakuwa mtu wa kusema "nadhani". Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisuka upya nyaya za mota zilizoungua, na mota haitaki mtu wa kudhani: ama itazunguka, ama itakutolea moshi usoni. Shule aliiacha darasa la sita na hakuwahi kuililia. Lakini ukimgusia santuri za zamani, utakaa hapo mpaka chai ipoe.

Nyumbani kwake ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini, ulikuwa wa makasha ya santuri. Yalikuwa yale matoleo mapya ya kifahari ya muziki wa zamani: kasha gumu lililovishwa kitambaa, ndani santuri nane au kumi, kitabu kinene cha picha, na hata nakala za tiketi za maonyesho ya enzi hizo. Alikuwa na waimbaji wa kantri wa kila namna, wale wa magitaa ya kulaza magotini na vilio vya mapenzi yaliyoondoka na treni. Alikuwa na bendi za dansi ambazo hata wapigaji wake walikwisha kujisahau. Makasha aliyapanga kwa mwaka wa kurekodiwa, si mwaka wa kutolewa, na ole wako ukosee kurudisha. Mkewe alikwisha kuzoea.

"Wenzangu wana wake wenza," aliwaambia majirani, "mimi nina makasha. Afadhali haya, hayali."

Kasha moja tu lilikuwa halijatoka duniani, na hilo ndilo Fundi alilolitaka kuliko yote: kasha la bendi ya Kofia Pana. Bendi hiyo ilipiga kantri kwa Kiswahili, wanaume wanne na mwanamke mmoja, wote na kofia za wachunga ng'ombe ingawa hakuna aliyewahi kuchunga hata mbuzi. Mwanamke huyo sasa alikuwa na miaka sabini na minane, naye ndiye mama mkwe wa Fundi. Watu walisema Fundi alioa kwa ajili ya santuri. Hakuwakatalia.

"Nilikwenda pale na santuri kwapani, kuomba sahihi," alisema. "Binti nilimkuta mlangoni."

Sasa kampuni moja ilikuwa imezipata tepu za asili za bendi, imezisafisha, na kasha lilikuwa tayari kwenda kiwandani. Kilichobaki ni kibali cha mama mkwe, mwimbaji pekee aliyebaki hai. Walimletea santuri ya majaribio aisikilize. Akausikiliza wimbo wa kituo cha reli, ule uliompa jina, akasema maneno matatu: "Huyo si mimi." Akairudisha kalamu.

Siku iliyofuata Fundi alipigiwa simu na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alikuwa mkuu wa shule na hakumruhusu mtu kulisahau jambo hilo.

"Shemeji, Jumamosi asubuhi njoo kwa mama, uje na gramafoni yako. Mtu wa kampuni atakuwepo. Wewe anakusikiliza. Mwambie atie sahihi."

"Na akikataa?"

"Akikataa nitatia mimi kwa niaba yake. Daktari ataandika, na mama nimeshamwambia, kwamba kumbukumbu zimeanza kumtoka. Mtu asiyeijua sauti yake mwenyewe, shemeji, utamwitaje?"

Habari ya daktari haikumkaa vizuri Fundi. Likishaandikwa hilo, kesho mama atasema chai haina sukari na watu watatazamana. Lakini kasha alilitaka, na alijiamini kwamba atamwelewesha mzee kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Mtu aliyemsikiliza mama mkwe wake kwa miaka thelathini angeshindwaje?

Jumamosi aliingia na gramafoni mabegani, ile yake ya kazi, yenye kijiti pembeni cha kuongeza na kupunguza kasi. Sebule ya mama mkwe ilikuwa ndogo na safi. Jiko lilikuwa dogo zaidi, kwa hiyo friji lilikaa sebuleni, na juu yake stabilaiza, lile sanduku la chuma la kulilinda na umeme unaopanda na kushuka. Fundi mwenyewe alikuwa ameisuka upya mwaka uliopita. Ilikuwa ikinguruma taratibu, mmm, siku nzima, na wenye nyumba hawakuisikia tena.

Mtu wa kampuni alikuwa kwenye kochi, visikilizio vikubwa vimemning'inia shingoni kama daktari aliyetoroka wodi. Mwalimu alikaa karibu na meza, karatasi mbele yake na kalamu imekwisha kufunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Na wewe wamekutuma?"

"Wamenituma," Fundi alisema. Hakujua kuzunguka. "Nami nalitaka kasha hilo, sikufichi. Tusikilize pamoja, kisha unionyeshe wapi si wewe."

"Pote."

"Mama, huo wimbo naujua hadi kikohozi cha mpiga besi."

"Unamjua huyo msichana," alisema mama mkwe. "Mimi hunijui."

Mwalimu akamtazama mtu wa kampuni, kwa ile namna ya watu wanaosema *unaona?* bila kufungua kinywa.

Fundi akafunga waya za spika, akaifuta santuri kwa kitambaa chake mwenyewe, akashusha sindano. Gitaa likaja, kisha sauti: nyembamba, nyepesi, ya msichana wa miaka kumi na sita anayengoja treni. Mama mkwe akajaribu kuifuata. Akashindwa katika mstari wa kwanza, ikampanda juu ya kichwa, akaacha.

"Sauti inazeeka, mama," Mwalimu alisema kwa upole. "Ni kawaida. Hata mimi magoti."

"Magoti yako hayajawahi kuimba."

Fundi alicheka, lakini jambo lilikuwa limemwingia sikioni. Akarudisha sindano mwanzoni kabisa. Kabla ya gitaa palikuwa na sekunde tano hivi za ukimya. Kwenye santuri yake ya zamani nyumbani sehemu hiyo ilikuwa mikwaruzo mitupu, kama mtu anayekaanga mafuta. Hapa kampuni ilikuwa imesafisha kila kitu, na chini ya ukimya palibaki mngurumo mwembamba wa umeme. Nao ulikuwa unagombana na ule wa stabilaiza. Wuu-wuu-wuu-wuu, haraka haraka, kama watu wawili wanaosukumana mlangoni.

Akarudisha sindano mara ya pili. Mara ya tatu.

"Imekwama?" aliuliza Mwalimu.

"Nyamaza kidogo, shemeji."

Mkuu wa shule hakuwa ameambiwa hivyo tangu akiwa mwanafunzi.

"Bwana," Fundi akamgeukia mtu wa kampuni, "huo mngurumo umetoka wapi?"

"Kwenye mashine yako hiyo, mzee. Tuliusikia ofisini pia, kwenye zetu. Gramafoni zote hunguruma."

"Yangu hainigurumii mimi." Akainua sindano. Spika zikafa kimya, ikabaki stabilaiza peke yake, mmm. Akaishusha tena: wuu-wuu-wuu. "Uko ndani ya santuri. Ni umeme wa studio, umeingia kwenye tepu siku waliporekodi. Sawa?"

"Sawa. Inatokea."

"Basi umeme wa siku ile na umeme wa leo ni mmoja. Gridi ya taifa haijabadilisha mwendo tangu kuzaliwa kwangu. Transfoma zote za nchi hii zinanguruma sauti moja, na sauti hiyo ndiyo inayonilisha. Usiku nikiamshwa nitakupigia kwa mluzi. Hii ya kwenye santuri imepanda. Kwa nini imepanda?"

"Labda umeme wa zamani ulikuwa unayumba."

"Ukiyumba kiasi hicho mji mzima unabaki gizani, hakuna wa kurekodi wala wa kurekodiwa." Fundi alikwisha kuinama. "Tazama hapa."

Akakishika kile kijiti cha kasi, akakiteremsha kidogo, akarudisha sindano kwenye ukimya. Wuu, wuu, wuu. Akakiteremsha tena. Wuu... wuu. Akaenda kwa upana wa unywele, akirudisha sindano, akisikiliza, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anayeingiza waya kwenye tundu. Wuu. Mara mingurumo miwili ikatulia, ikawa mmoja, na mtu hakuweza tena kusema upi wa stabilaiza na upi wa santuri.

Akaondoa mkono, akauacha wimbo uende.

Gitaa lilikuja na uzito. Kisha sauti ikaingia, na hakuwa msichana tena. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye koo pana, anayejua kabisa kwamba treni haiji na hana nia ya kuibembeleza. Mama mkwe alishika mkono wa kiti. Mstari wa pili aliingia naye. Sauti ilikuwa imechakaa kingo, ndiyo, lakini ilikaa palepale, mabega kwa mabega na yule wa kwenye santuri, hadi mwisho.

Mwalimu alikuwa akiitazama kalamu yake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine.

"Ile mashine yao ya kurekodia ilikuwa inakawia," Fundi alisema. "Mota imechoka, au beringi kavu. Ukirekodi kwa mashine inayokawia, ukaja kupiga kwa iliyo nzima, lazima wimbo ukimbie."

"Mrekodi alikuwa anaipiga makofi," alisema mama mkwe. "Kila wimbo, makofi mawili. Wakatupigia kwa mashine ya pili, nikasema palepale studio, jamani, huyo si mimi. Wakacheka. Wakasema kila mtu akijisikia mara ya kwanza huwa hivyo. Miaka hamsini na miwili nasikia mara ya kwanza."

Fundi akakuna kidevu. Lililofuata lilimtoka kwa shida, kwa kuwa hakuwa na mazoezi nalo. "Mama, nimekosea. Miaka thelathini najifanya namjua kila mtu kwenye ukuta ule, na wewe nilikuwa nakupita mlangoni."

"Umechelewa, lakini umefika."

Mtu wa kampuni alikuwa ameinamia gramafoni, anakipiga picha kile kijiti mahali kiliposimama. "Tunaweza kurekebisha pande zote za santuri za kipindi hicho," alisema taratibu. "Lakini mama, mashabiki wameizoea ile nyingine. Tutapigiwa kelele."

"Mashabiki kina nani? Huyu ndiye shabiki," alisema mama mkwe, akimwonyesha Fundi. "Muulize."

Fundi aliufikiria ukuta wake. Aliufikiria pia yule msichana wa kituo cha reli aliyemtia wazimu akiwa na miaka kumi na saba, ambaye sasa ilionekana hakuwahi kuwepo.

"Yule alinipendeza sana," alisema. "Lakini hakuna mtu aliyeimba vile. Toeni huyu."

"Basi andika hapo juu ya karatasi," mama mkwe akamwambia mtu wa kampuni, "kwamba ni kwa mwendo aliouweka mkwe wangu. Usiseme kwa mwendo sahihi, watu watabishana. Sema wa mkwe wangu. Atakayebisha aje na mota yake."

Akaandika. Mama mkwe akaisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, bila miwani, wakati wote mwanawe akimtazama. Kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu. Lete kalamu."

Mwalimu akainuka, akampa kwa mikono miwili. "Samahani, mama."

"Na huyo daktari wako mwambie aje tu. Ana deni la kunisikiliza." Akatia sahihi, herufi kubwa, ile ile iliyokuwa kwenye santuri ya Fundi. "Haya, baba, rudisha mwanzo. Na zima hilo sanduku lako la juu ya friji, limeshafanya kazi. Nataka nijisikie."

Fundi akachomoa waya wa stabilaiza. Sebule ikatulia, akashusha sindano.