Pipa la Dobi

Dobi alizamisha kiwiko kwenye pipa la uani, akakuta maji ni vuguvugu ilhali jiko halijawashwa. Akaloweka mashuka ya hospitali, akashukuru kuokoa mkaa. Mtaa mzima ulijua kwamba pipa lile linafuata bahari ya upande wa pili wa dunia: ile ikipata joto, nalo linapata, ile ikipoa, nalo linapoa.

Mpangaji wake, mtabiri wa hali ya hewa, alilipima kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

"Kule kukiwa na joto," alimweleza, "pepo za juu huku kwetu zinavunja vimbunga kabla havijakomaa. Kukipoa, dada, njia yao nyeupe."

Halmashauri nayo ilimtuma mhandisi kuligusa. Maji yakiwa baridi, ukuta wa ufukweni ulijengwa mbio mbio. Yakipata joto, mafundi walirudishwa makwao. Miaka nenda miaka rudi ukuta ukabaki na pengo, na pengo lenyewe lilitazamana na mlango wa mama yake dobi.

"Si mmalizie sasa, wakati kumetulia?" dobi alimwomba.

Mhandisi alikausha vidole kwa leso. "Kwa maji haya, mama? Nani atanielewa?"

Pipa lilipoa Jumanne moja, bila kuaga. Mafundi wakaitwa, wakakuta saruji imeganda mifukoni. Mama yake dobi akahamia kwa bintiye na sufuria zake zote, akilalamika njia nzima. Kimbunga cha kwanza kikapinda, kikapotelea baharini.

"Umeona? Umenihamisha bure," mama alisema, akabeba sufuria zake akarudi kwake.

Cha pili hakikupinda. Kilitambaa kando ya ukuta taratibu, kama mgeni anayetafuta mlango, kikaingia palipokuwa wazi.

Dobi alilia mpaka sauti ikakauka. Shuka la mama yake lilikutwa limenasa juu ya ukuta, sehemu iliyokamilika. Alilitia kwenye ndoo, likakaa humo muda mrefu kwa kuwa hakuwa na moyo wa kulifua.

Asubuhi alipoupata huo moyo, maji ya pipa yalikuwa vuguvugu tena. Mtabiri alipima, akaingia ndani. Dobi akalichovya shuka pipani. Mhandisi akabisha hodi, akampa pole kwa msiba, akazamisha vidole kando ya shuka. Kisha akatoa simu, akawaambia mafundi washuke kutoka ukutani, warudi makwao.