Wa Kikombe na Wa Kavu

Mwaka ule mvua ilikatika mapema, muhogo ukanyauka ungali mwembamba kama vidole, na watu wa uwanda wa Makonde wakaanza kushinda porini wakichimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa. Mwingereza alikuwa bado anatawala, ingawa mjini Newala watu walikwisha kuanza kunong'onezana habari za kadi za chama. Katika mwaka huo wa njaa ndipo Bwana Cecil, Mzungu mtafiti, alipofika kwenye shule moja ya kijiji, upande wa Kitangari, na lori la magunia ya maziwa ya unga.

Mwalimu Lois alikuwa akifundisha darasa la kwanza na la pili. Alikuwa mtu wa Masasi, mjukuu wa Wakristo wa mwanzo wa misheni, na Chimakonde alikizungumza kwa kukwaakwaa, watoto wakimcheka kwa upendo. Alidhani maziwa yale ni msaada. Bwana Cecil akawaketisha yeye na mwalimu mkuu, Mwalimu Silvano, akawaeleza kwa Kiswahili alichojifunza vitani pamoja na askari wa Kiafrika.

"Nataka kujua kama njaa inaharibu kumbukumbu ya mtoto, na kama maziwa yanairudisha."

"Na hilo nalo ni la kuulizwa, bwana?" alisema Lois.

"Mimi na wewe tunalijua. Serikali hailijui. Ikionyeshwa kwa tarakimu, italeta maziwa katika shule zote za jimbo. Isipoonyeshwa, haileti hata kikombe."

Maziwa, akasema, yatapewa nusu ya watoto. Nusu nyingine itasubiri mpaka kazi iishe. Mwalimu Silvano akasema basi wapewe waliodhoofu zaidi. Bwana Cecil akatikisa kichwa.

"Ukiwapa waliodhoofu, mwisho wake watakuwa bado nyuma ya wenzao, na mtu atasema maziwa hayafai. Ukiwapa wenye afya watakuwa mbele, na mtu atasema maziwa ni dawa ya ajabu. Makundi mawili lazima yafanane tangu mwanzo. Na mkono wa binadamu haujui kufananisha, Mwalimu. Una huruma zake, una chuki zake. Kura peke yake ndiyo isiyo na ndugu."

Wakapiga kura kwa korosho, nusu zikiwa zimepakwa masizi. Lois alitia mkono kapuni akitazama dari, akatoa moja moja kwa kila jina lililosomwa. Jioni ile watoto wenyewe walikwisha kujipa majina: hawa ni wa kikombe, hawa ni wa kavu.

Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, watoto wa Mwanne, mama aliyekuwa akiishi nyuma ya shule. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya mkonge na habari zake zikakatika. Fikirini, mtoto wa kiume, kura ilimpa kikombe. Dada yake Sikudhani, aliyemzidi mwaka mmoja, akaangukia kwenye kavu.

Kabla ya kikombe cha kwanza, watoto wote walipimwa. Bwana Cecil aliweka sinia yenye vitu vidogo: kifungo, ufunguo, unyoya wa kuku, punje ya hindi, sindano, na vingine vya namna hiyo. Mtoto aliangalia kidogo, sinia ikafunikwa kanga, naye akavitaja alivyokumbuka. Wengi walitaja vichache wakanyamaza. Sikudhani alivitaja vyote, akafikiri kidogo, akaongeza, "Na kanga."

Bwana Cecil alicheka mpaka akavua miwani. "Huyu nimpe alama ya ziada?"

"Mpe kikombe," alisema Lois.

Bwana Cecil alirudi kwenye karatasi zake. Alijumlisha alama za kila kundi, akazigawa kwa idadi ya watoto wake, akamwonyesha Lois wastani wa huku na wa kule. Zilikuwa karibu sawa. "Unaona kura ilivyo mwadilifu?" alisema, akaondoka kwenda kwenye shule nyingine alizozipima upande wa Masasi.

Maziwa ya unga yanataka maji, na maji ya uwanda ule hupandishwa kutoka bondeni kichwani. Kina mama wakagawana zamu. Mwanne naye alishuka na kupanda kilima na ndoo yake. Maji yake yalichanganya maziwa ambayo mtoto wake mmoja aliyanywa na mwingine akayanusa kwa mbali.

Haukupita muda Lois akaliona jambo. Fikirini alipomaliza kikombe chake hakuaga wala hakusema neno, alitoka mbio na mashavu yametuna. Lois akamfuata nyuma ya jiko. Akamkuta Sikudhani amekaa chini, uso ameuinua, kinywa wazi, na mdogo wake ameinama juu yake akimmiminia maziwa kutoka kinywani mwake, polepole, kama njiwa anayelisha kinda. Hakuna tone lililodondoka. Fikirini aligeuka, akamwona mwalimu, akasimama kama aliyekamatwa akiiba.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Sikudhani, akijipangusa midomo.

"Marahaba," alisema Lois. Akarudi darasani, asiseme na mtu.

Kuanzia siku ile macho yake yalifunguka. Waliokuwa na ndugu, waliokuwa na rafiki, waliokuwa na binamu, kila mtu alikuwa na kona yake. Wengine walitia maziwa katika kifuu walichokificha kaptulani. Lois akaona ni vema. Nusu kikombe kwa kila mtoto ni afadhali kuliko shibe ya mmoja na utupu wa mwingine. Alilala usingizi mzuri majuma yale, pamoja na njaa yake mwenyewe.

Bwana Cecil aliporudi, sinia ikatolewa tena, vitu vikiwa vingine. Alijumlisha, akagawa, akajumlisha tena. Akatia penseli mdomoni.

"Wa kikombe wamewazidi wa kavu kwa kitu kidogo mno," alisema. "Tofauti ya namna hii bahati peke yake inaweza kuileta. Ningepiga kura nyingine bila kumpa mtu maziwa, ningeweza kuipata hiyo hiyo."

"Maana yake nini?"

"Maana yake nitaandika kwamba maziwa hayakuonekana kusaidia. Hizo shule nyingine watoto wake ni wachache, hazitoshi kuliokoa hili." Alionekana amechoka. "Na serikali itafurahi, maana haitatoa kitu."

Lois aliwafikiria watoto wa Mkunya, wa Tandahimba, wa vijiji vya Masasi alikozaliwa, matumbo yametuna na nywele zimegeuka rangi. Kisha akasema.

"Bwana, hawakunywa wa kikombe peke yao. Wote wamekunywa."

Akamweleza. Bwana Cecil alisikiliza bila kumkatiza.

"Ni nani na nani?"

"Siwezi kukutajia. Mwalimu Silvano atawachapa."

"Simchapi mtoto kwa kumpenda ndugu yake," alisema Bwana Cecil. "Lakini nilikuwa nadhani nalinganisha maziwa na njaa, kumbe nimelinganisha nusu kikombe na nusu kikombe. Hakuna nilichopima. Itabidi tuanze upya, na safari hii tufunge mlango."

"Basi wape wote."

"Nikiwapa wote, nitalinganisha na nani?"

Lois alitafuta jibu, akakosa, na kukosa huko akakuhesabu kuwa ni kukubali.

Wakaanza upya kwa makundi yale yale. Wa kikombe walinywea chumbani, mlango umekomewa, na Mwalimu Silvano akasimama mlangoni. Hakutoka mtu mpaka amekaguliwa. "Fumbua! Inua ulimi! Pita." Siku ya kwanza Fikirini alikataa kumeza. Mwalimu Silvano akamziba pua. Mtoto akavumilia mpaka macho yakamtoka, halafu akameza, akalia kwa sauti. Sikudhani alikuwa nje, ameegemea ukuta wa jiko mahali pake pa siku zote. Aliisikia sauti ile, asiinuke.

Lois akaanza kumchukulia Sikudhani muhogo wa kuchemsha kutoka kwake, kipande kimefungwa katika jani la mgomba. Alipomwambia Bwana Cecil, maana alikuwa amejiapia kutomficha tena jambo, yule bwana alitazama chini.

"Nje ya shule siwezi kukukataza, wala sitajaribu. Lakini kila umlishaye upande ule, unaupunguza ukweli. Ukipungua sana, tutakuwa tumewatesa hawa bure."

Hilo neno bure ndilo lililomkamata. Lois akajiambia ni majuma machache tu. Akaacha kupeleka muhogo.

Surua ikaingia kijijini wakati ule ule. Iliwapata wa kikombe, iliwapata wa kavu, kwani surua haipigi kura. Wa kikombe waliugua, wakababuka, wakainuka. Wa kavu waliinuka kwa taabu, wengine macho yamebaki na ukungu. Sikudhani hakuinuka. Lois alikwenda kumwona, akamkuta mama yake amemlaza mkekani, akimlowesha midomo kwa kitambaa. Fikirini alikuwa kando ya mkeka, yeye mzima, mashavu yamejaa nyama ya maziwa, na aibu ya uzima ule ilikuwa imemkaa usoni kama makamasi.

"Mama Sikudhani, nimeleta uji," alisema Lois.

"Ungeuleta juzi, mwalimu," alisema Mwanne. "Juzi alikuwa bado anameza."

Walimzika asubuhi. Wanaume wachache waliokuwa na nguvu walichimba kaburi kwa kupokezana, maana hakuna aliyeweza kulimaliza peke yake.

Bwana Cecil alikuja na sinia yake kwa mara ya mwisho. Safari hii hakuhitaji kujumlisha mara mbili. Wa kikombe walikuwa mbele sana, tofauti ambayo hakuna bahati ingeweza kuileta. Lois alisimama nyuma ya kiti chake.

"Hapa hujamweka Sikudhani."

"Mtoto asiyekuwapo hana alama, Mwalimu."

"Mwekee sifuri."

"Sifuri ni ya mtoto aliyekuja akashindwa kukumbuka. Yeye hakushindwa kukumbuka."

"Hakuja kwa sababu ya kile kile unachokipima!" Ilikuwa mara ya kwanza Lois kumpandishia sauti Mzungu, na Mwalimu Silvano, aliyekuwa dirishani, aligeuka kutazama nje.

Bwana Cecil aliweka penseli chini. "Najua. Waliodhoofu zaidi ndio waliotoka, na waliobaki ndio ninaowahesabu, kwa hiyo wa kavu wanaonekana afadhali kuliko walivyo. Lakini nikibuni tarakimu moja, mtu atasema zote nimezibuni. Nitaandika chini kwamba mmoja alikosekana."

"Andika alikufa."

Akaandika. Lois aliinama mpaka akaliona neno lenyewe kwa Kiingereza chake kidogo, ndipo akatoka.

Serikali ilisadiki. Msimu wa mvua uliofuata, maziwa yakaletwa, kwanza Newala, halafu Masasi, kikombe kwa kila mtoto, bila kura. Watu wakamsifu Bwana Cecil, na Mwalimu Silvano akasifiwa kwa kusimamia vema. Lois naye alitajwa. Padri alimtaja kanisani, naye akainamisha kichwa kama mtu anayesomewa mashitaka.

Mwanne alikuja shuleni siku moja asubuhi na mzigo kichwani, Fikirini nyuma yake. Alikuja kumwondoa mtoto, wanahamia Tandahimba kwa kaka yake. Mtoto hayawezi maziwa, alisema. Akiyanusa tu anatapika.

Lois alimsindikiza hadi njia panda. Hapo akasema alichokuwa amekibeba miezi yote.

"Mama Sikudhani, ni mimi niliyemwambia yule bwana. Fikirini alikuwa anampa mwenzake kwa siri. Mimi ndiye niliyesema."

Mwanne alitua mzigo chini, akamtazama. "Fikirini aliniambia mwalimu alimwona, akanyamaza. Alikuwa anakusifu. Nikadhani ni Silvano aliyewagundua." Akavuta pumzi. "Kwa nini ulisema?"

"Angeandika maziwa hayasaidii. Watoto wote wangekosa. Nilidhani nasaidia."

"Ulisaidia. Nilipita Mkunya juzi nikawaona watoto. Wamenawiri." Alisema hivyo bila kejeli, kama anayeeleza hali ya shamba. "Lakini mimi sikuwazaa watoto wa Mkunya."

Mwanne aliinama, akajitwika mzigo wake mwenyewe bila kungoja msaada, akaurekebisha juu ya kata kichwani.

"Ungenyamaza, angekuwapo?"

Lois angeweza kumwambia kwamba surua haina hakika, kwamba wa kavu wengi waliugua wakapona, kwamba kwa mtoto mmoja hakuna hesabu iwezayo kusema. Yote hayo yalikuwa kweli, na ndivyo ambavyo Bwana Cecil angejibu.

"Nadhani angekuwapo," alisema.

Mwanne aliitikia kwa kichwa, kama aliyepokea kitu alichokuwa anakidai kwa haki. "Haya. Kwa heri, mwalimu."

"Kwa heri, Mama Sikudhani."

Walishika njia ya Tandahimba, mama mbele, mtoto nyuma. Fikirini hakugeuka. Lois alisimama mpaka mikorosho ikawaficha, kisha akarudi, maana zamu ya jiko ilikuwa yake na watoto walikuwa wanamngoja.