Tangi la Vigololi

Hivi mtu mwenye akili timamu anachanganyaje vigololi vikubwa na vidogo halafu ananyamaza? Msimamizi wetu alifanya hivyo, na aliyeingia tangini alikuwa mdogo wangu.

Kiwandani tunamimina vigololi laini vya mpira kwenye tangi refu la plastiki, vinashukia tundu la chini kwenda kwenye mashine ya mikeka. Vikiwa saizi moja vinakwama kila siku, vinabanana mpaka unasimama juu yake kama sakafuni na kuchokoa kwa fimbo. Tumezoea hivyo. Vikichanganywa, vidogo vinateleza katikati ya vikubwa, havishikani upesi, na ukikanyaga unazama. Asubuhi ile msimamizi alikuwa amemwaga vidogo juu ili tangi lisitusumbue. Chini kukakwama vilevile, na yeye kimya.

Mdogo wangu akaruka ndani na fimbo yake ya kuchokolea, akipiga mluzi. Akazama mpaka kifuani.

"Dada!"

Kila alipotoa pumzi, vigololi vilisogea kumkaba zaidi. Kuvuta nyingine akashindwa.

"Nafungua tundu!" msimamizi akafoka, mkono kwenye mpini.

"Wewe! Vikishuka si vinamvuta naye?"

"Usinifundishe kazi, mama."

Nikamtandika spana ya uso. Damu ikaruka hadi kwenye blauzi yangu. Akaurudia mpini, kiburi kile! Nikampiga ya kifundo cha mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Ndani ya tangi kukawa kimya.

Nikachomoa shoka la zimamoto ukutani nikalivaa tangi ubavuni. Plastiki ikapasuka ufa tu. Nikapiga tena, nalia, namtukana. "Usife, mpumbavu wewe! Nitamwambia nini mama?" Nikapiga kwa nguvu zangu zote, shoka likazama mpaka ndani, likagota kwenye kitu ambacho si mpira.

Ubavu ukafumuka. Vigololi vikamwagika miguuni pangu, vingine vyekundu, na yeye akatoka navyo. Paja lilikuwa limepasuliwa, mfupa mweupe unaonekana. Hatikisiki, midomo imebadilika rangi. Nimemuua, nikajiambia. Nimemuua kwa mikono yangu.

Halafu akapiga yowe.

Yowe la mtu anayechinjwa, mpaka mafundi wa nje wakaja mbio. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nikalikandamiza paja kwa mikono yote miwili, damu inanipita vidoleni, nikawa namwambia, "Lia, babangu. Lia tena, kwa nguvu."