Kona ya Kushoto

Ndelilio hakutaka pampu ibadilishwe, na hilo ndilo lililomshangaza dada yake. Gari lake la mashindano, la buluu, kuukuu kuliko mengi yaliyokuwa yakishindana nalo, lilikuwa linalia kila usukani ulipogeuzwa, mlio mrefu kama wa ndama aliyecheleweshewa maziwa. Mtu yeyote mwenye masikio angejua kwamba pampu ya pawa stelingi inakata roho. Elinipendo alikuwa na zaidi ya masikio. Alikuwa na gereji yake hapo Machame, chini kidogo ya kihamba, shamba la migomba la baba yao, na magari ya watu wazima kwa vijana yalipita mikononi mwake. Lakini kila alipogusia jambo hilo, kaka yake alimjibu kwamba aongeze oili tu, mengine baadaye.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa vumbi uliochongwa tambarare chini ya Himo. Mara ya mwisho Ndelilio alishindwa kuikata kona ya kushoto. Gari lilitoka nje ya njia likaenda kusimama karibu kabisa na watu waliokuwa wamekaa ukingoni wakila mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyeumia. Ndelilio alishuka, akapiga tairi teke, akasema ni pampu, na watu wakakubali maana wote walikuwa wameisikia ikilia. Kornel, muuza spea wa Himo ambaye pia ndiye huandikisha madereva, alimwambia siku nyingine akitaka mahindi aagize, asiyafuate na gari. Watu wakacheka. Elinipendo hakucheka. Alikuwa amewaona wale akina mama wakivuta watoto wao kwa mkono wowote uliopatikana, mguu wowote, nguo yoyote.

Kwa hiyo Alhamisi alikwenda Himo bila kumuuliza mtu. Kornel akamchagulia pampu iliyotumika lakini nzima, Elinipendo akarudi nayo, akamwambia kaka yake gari haliondoki bila hiyo. Ndelilio akasema kama ameshaamua, haya.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Alilegeza mkanda, akaukinga mpira wa oili kwa beseni, akafungua bomba, akatoa bolti kupitia matundu ya puli. Pampu ya zamani ilitoka ikichuruzika oili nyeusi yenye harufu ya kuungua. Mpya ikaingia mahali pake. Ikabaki kutoa hewa. Alilinyanyua gari mbele kwa jeki, akaweka magogo chini, akamwomba kaka yake aingie, awashe, azungushe usukani pole pole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wakati yeye anatazama oili kwenye kikopo chake.

Ndelilio akazungusha kulia. Usukani ulipofika mwisho, pampu ikaguna kidogo, kama inavyopaswa.

"Sasa kushoto, kaka. Mpaka mwisho."

"Nimefika."

Pampu haikuguna.

"Hujafika."

"Nimekwambia nimefika. Au siku hizi unaona stelingi kupitia boneti?"

Elinipendo akazunguka hadi dirishani. Usukani ulikuwa umebakiza robo nzima. Mkono wa kulia wa kaka yake ulikuwa umekwama usawa wa kifua, vidole vimeng'ang'ania, na jasho linamtoka kwenye paji la uso. Magurudumu yalikuwa hewani na pampu ilikuwa nzima. Elinipendo akaingiza mkono, akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Ukaenda wote. Pampu ikaguna.

Akakumbuka mwezi wa tano, Ndelilio alipoanguka kutoka kwenye mparachichi akaangukia bega, akasema baada ya wiki kwamba limepona. Kona ya kulia mkono huo unavuta chini. Ya kushoto unatakiwa kupanda, upite juu ya usukani. Kumbe kelele za pampu zilikuwa zinaubebea mkono huo lawama.

"Nirudishie ile ya zamani," Ndelilio akasema.

Dada yake akamwambia amerukwa na akili, kwamba safari hii ataua. Ndelilio akatikisa kichwa. Hakutaka kuendesha, akaeleza, macho yake yakiwa kwenye dashibodi. Alitaka Jumamosi alifikishe gari uwanjani, ligome mbele ya watu, alitukane kidogo, wampe pole, arudi nyumbani. Mtu aliyeangushwa na pampu hachekwi. Lakini dereva wa umri wake, aliyewafundisha nusu ya wale vijana, aangushwe na mti wa parachichi?

Elinipendo aliitazama pampu ya zamani kwenye beseni. Kuirudisha haikuwa kazi. Na huyu ndiye aliyemshikisha spana kwa mara ya kwanza, wakati shangazi zao wakiuliza binti atapata wapi mume mwenye pua isiyosikia grisi. Alitamani sana kumfanyia hilo moja. Akainama, akaishika, akasimama nayo.

"Na mashindano yajayo," akasema, "nikuharibie nini?"

Ndelilio aliachia usukani. Alizima injini. Baada ya muda alitoa simu kwa mkono wa kushoto, akampigia Kornel, akaiweka spika juu ya paja. Alipotaja tu gari, Kornel akamkata.

"Usiniambie pampu yangu imekufa, meku, mzee wangu. Kama imekufa sema, nitawaeleza watu ni mimi."

Hilo ndilo hasa Ndelilio alilokuwa analitafuta, na sasa alikuwa anapewa bure. Elinipendo alibaki na pampu ya zamani mkononi, hakumtazama.

"Pampu yako nzima," Ndelilio akasema. "Ni bega langu. Nifute."

Kornel akauliza ni tangu lini, na alipojibiwa alimwita mjinga, kwa sauti ya chini. Akasema kuna daktari wa mifupa anayemfahamu pale Moshi, na Jumatatu atakuja kumchukua mwenyewe. Jumamosi aje akae naye mezani waandike muda. Bendera ataishika mwingine, maana hiyo inataka bega.

Ndelilio akacheka, kicheko kifupi ambacho hakukipanga.

Akashuka. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, na koti la kazi lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Akahangaika nalo kidogo, akaacha. Kisha akamgeuzia dada yake mgongo, bila kusema kitu, na Elinipendo akafuta mikono yake kwenye suruali, akamvua, akianza na mkono wa kulia.