Jina Ukingoni mwa Kitambaa

Siku ya kwanza ya darasa, Deolinda Furtado alimkagua mwalimu wake kuanzia miguuni. Akaona amevaa viatu bila soksi, mwezi wa Februari, mji mzima wa Fall River umeganda barafu, na hapohapo akamtoa katika hesabu ya watu wenye akili. Kisha akamtazama mikono. Mtu anafundisha uchapaji wa vitambaa na hana hata chembe ya wino kwenye kucha! Deolinda akaketi, akapakata mkoba wake, akangoja kichekesho kianze.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimalizia katika jengo hilihili, ghorofa ya chini, akisukuma wino kwa raba juu ya fremu za wavu, kila rangi na fremu yake, mpaka kiwanda kikafungwa na jengo likageuzwa chuo cha watu wasio na la kufanya Jumamosi asubuhi. Maua aliyoyachapa yangetosha kufunika barabara kutoka pale hadi Boston, na hata moja halikuwa lake. Ukingoni mwa kitambaa, pale panapoachwa peupe, huchapwa vidoti vya rangi zote zilizotumika, na kando ya vidoti jina la aliyebuni. Yalikuwa majina ya wanawake wa New York ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa uchapaji. Deolinda aliyachapa miaka yote hiyo, na sasa alichokuja kutafuta kilikuwa kimoja tu: lake. Kampuni moja ya mapazia mjini iliahidi kuchagua kazi moja ya darasa, kuichapa kwa mashine yake ya kompyuta na kuiuza madukani, jina la mbunifu likiwa ukingoni.

"Deo! Karibu sana," mwalimu Garrick alimwambia. "Hapa sisi sote ni familia."

"Familia ninayo, mwalimu. Naitwa Deolinda."

Karibu naye alikaa binti wa Kikambodia, Channary Ouk, wa miaka ishirini na miwili, aliyechora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu isiyo na wino. Akikosea anagusa, kosa linafutika. Kazi gani hiyo, isiyomwadhibu mtu? Lakini angalau binti alikuwa na adabu, alimwita shangazi, kwa hiyo Deolinda alimdharau kwa upole.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa za fremu, na Deolinda alizifaidi. Mwalimu aliivuta raba mara moja mbele yao, wino ukavuja chini ya wavu, waridi lake likatoka limevimba kama jino bovu.

"Ndivyo tunavyojifunza!" Garrick alisema akicheka.

"Wewe ndivyo unavyojifunza," Deolinda alimjibu. "Sogea. Raba haibembelezwi, inasukumwa."

Alichapa maua ya hidranjia ya buluu, yale yanayoota kando ya barabara za kisiwa cha São Miguel alikozaliwa, kwa fremu tano. Kila rangi aliipandisha kidogo juu ya jirani yake, unene wa uzi tu, kama kila mchapaji anavyofanya, kwa sababu fremu huyumba, na ikiyumba bila kupandana huacha ufa mweupe. Wino mzito wa juu humeza wa chini, na mnunuzi hajui kitu. Sampuli ilitoka safi kabisa. Darasa zima lilipiga makofi, naye hakuwashukuru. Makofi ya watu wasiojua wanachokitazama yana faida gani?

Kisha ikaja zamu ya kompyuta. Deolinda alizipanga rangi zake tano kama fremu tano, kila moja akaiacha ipenye macho kama kioo ili aione iliyo chini, na zote akazipandisha kwa unene wa uzi. Mwishoni, ukingoni, akaweka vidoti vitano na jina lake. Alilitazama jina lile muda mrefu, mpaka akaona haya kwa kulitazama.

"Shangazi," Channary alisema, akiinamia kioo cha Deolinda. "Hizi rangi umezipandisha. Mashine haiyumbi. Itachapa hata pale zinapopandana. Acha tutoe kipande kimoja cha majaribio."

"Kipande cha majaribio ni kile pale ukutani, nimekitoa kwa mikono yangu."

"Kile ni cha fremu, shangazi. Hii ni nyingine."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nachapa buluu mama yako bado hajaolewa. Wewe futafuta vyako."

Binti akarudi kwenye kiti chake. Kazi ya Deolinda ikapelekwa kwa kampuni ya mapazia bila majaribio.

Jumamosi ya uamuzi, vitambaa kumi na moja vilitundikwa, kila kimoja yadi nne. Deolinda alikiona chake kutoka mlangoni. Mashine haikuyumba. Ilichapa kila kitu kama kilivyopangwa, na kila rangi mbili zilipokutana ilitoa ya tatu, nyeusi-nyeusi, ikizunguka kila petali kama uchafu wa ukucha. Ukumbini, mtu akizimua wino hadi ukatoa mstari wa namna ile, kitambaa kilikwenda matambara, na mtu mwenyewe alichekwa mwaka mzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kicheko.

Bi Prudence Alden, mnunuzi wa kampuni ile, alipita upesi mbele ya vitambaa vyote, kile cha Channary kikiwemo, ambacho hakikuwa na kasoro hata moja. Akasimama mbele ya hidranjia.

"Huu mstari!" alisema. "Ni kama vioo vya rangi vya kanisani. Nani amethubutu?"

"Deo wetu," Garrick akadakia. "Tuliuzungumzia sana mstari huo. Ni maombolezo. Ni kumbukumbu ya viwanda."

Hawakuwahi kuzungumza hata neno. Deolinda aliwatazama wote wawili, na kwa kweli hakuwahi kudharau watu kama alivyowadharau dakika ile. Macho wanayo, na hawaoni tofauti ya ubunifu na uchafu! Neno lilikuwa moja tu, kosa, na lilikuwa tayari mdomoni. Akageuka, akakuta Channary anamtazama. Binti hakucheka wala hakukunja uso. Alikuwa anangoja tu kusikia.

"Ndiyo," Deolinda alisema. "Maombolezo."

Channary akainama, akaanza kukusanya vitu vyake.

Kitambaa chake ndicho kilichochaguliwa, kikaingia madukani Septemba. Kila Jumatano Deolinda alipitia duka la mapazia, akajifanya anatafuta pindo, akaligusa jina lake kwa kidole, akaenda zake. Jumatano ya tatu alikuta mtu kasimama palepale. Alikuwa Natércia Botelho, aliyesimama naye meza moja ya uchapaji kwa miaka ishirini.

"Deolinda, dada yangu! Njoo uone uchafu," Natércia alisema, akisugua petali kwa dole gumba. "Ona mstari huu. Wamezimua wino hawa. Sisi hii si ingekwenda matambara?"

"Ingekwenda."

"Na bei yake sasa! Wanauza bila aibu." Akakipindua kitambaa, akaukuta ukingo, akausogeza karibu na macho, kisha mbali. "Hebu tumjue mpumbavu mwenyewe. Miwani nimeiacha nyumbani. Nisomee."

Deolinda akaushika ukingo. Jina lilikuwa pale kando ya vidoti vitano, herufi zimekaa sawasawa, hazikuyumba hata unywele.

"Hakuna jina," alisema.

"Bora," Natércia akajibu, akikirudisha kitambaa mahali pake. "Hata mimi ningeficha."